Samaki wa Tone la Kijani

To. Ukiweka ndoo chini ya bomba linalovuja, na maji yakafika nusu, tone linapoanguka halipigi tena kelele ya bati. Linatoa sauti laini, ya mviringo, kana kwamba mtu amesema neno fupi ndani ya mtungi. Jikoni kwangu sauti hiyo huja asubuhi, maji yanaporudi baada ya kukatika. Watu wa nyumbani wamezoea kuniona nimesimama katikati ya sakafu, kisu mkononi, kitunguu hakijamalizika kukatwa, nikisubiri. Hawajui nasubiri nini. Nasubiri tone liote miguu.

Wewe nitakueleza, kwa sababu umetulia na huna haraka.

Nilizaliwa Likasi, mji wa shaba, upande wa Kikula, kwenye avenyu ya vumbi jekundu ambalo wakati wa kiangazi lilipaka rangi hadi kuku. Baba alifanya kazi kiwandani kule Shituru, na jioni nguo zake zilinuka asidi kiasi kwamba Mama alizianika mbali na zetu. Kwenye kona aliishi Papa Donatien, fundi wa redio, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye siku moja alisimamisha uani mwake sahani ya parabola iliyokuwa kubwa kuliko jiko lake. Kutoka kwenye sahani ile alivuta waya mweusi, akaupitisha juu ya mipera, juu ya bati za majirani, akauingiza nyumba hadi nyumba, na yetu ikiwemo. Hivyo ndivyo kebo ilivyofika kwetu. Ilikuwa na kasoro moja tu: wote tuliofungwa kwenye waya ule tulitazama kile alichokitazama Papa Donatien. Akibadilisha yeye, avenyu nzima imebadilishiwa. Akitaka habari, tunakula bukari, ugali wetu, na habari. Watu wazima walinung'unika, lakini sisi watoto tulimwombea maisha marefu, kwa sababu mchana, akiwa ameinama juu ya redio za watu, aliwawekea wanawe chaneli ya watoto, akaiacha hapo mpaka saa ya mpira.

Ilikuwa chaneli ya Kifaransa, ndiyo kwanza imeanza, na vipindi vyake vilikuwa vichache hata vikarudiwa mpaka tukajua nani ataanguka kisimani kabla kisima chenyewe hakijaonekana. Wenzangu walivipenda hivyo hivyo. Mimi nilipenda kile kilichokuja katikati, pale kipindi kimoja kilipokwisha na kingine hakijaanza. Nilipenda nembo yao.

Kioo kilikuwa cheupe chote, weupe wa karatasi ambayo hakuna aliyeigusa. Kimya. Kisha kutoka juu, mahali pasipoonekana, tone la kijani linaanguka. To. Linatulia. Linatetemeka kidogo, kama mtu anayetafuta wazo. Halafu linageuka. Siku nyingine liliota pembe mbili na kuwa konokono, na nyumba aliyoibeba mgongoni ilikuwa na madirisha, na madirisha yaliwaka taa, na dirishani mtu mdogo alifunga pazia. Siku nyingine liliinuka kuwa mwavuli, upepo ukaupindua, mwavuli ukawa pirogi, mtumbwi wa ziwani, pirogi ikaenda zake. Mwisho kila kitu kilijikunja, kikarudi kuwa duara, na ndani ya duara likaandikwa jina la chaneli huku filimbi ikipigwa kwa ufupi. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kupiga chafya na kufuta pua.

Nilikuwa nikicheza uani, nikisikia ile "to" kupitia dirishani, natupa kamba, nakimbia ndani. Nilisimama mbele ya kioo nimeshika mdomo. Kanisani, mapadri walikuwa wametuambia kwamba siku ya komunyo ya kwanza tutahisi kitu fulani kifuani, kitu kikubwa, cha kutufanya tunyamaze. Komunyo ilipita nikiwa nafikiria viatu vyangu vipya. Kile kitu nilikihisi sebuleni kwetu, mbele ya konokono.

Nilimuuliza Baba nani anayeligeuza tone. Akasema ni mashine. Sikumwamini. Mashine nilizijua, nilikuwa nimeziona Shituru kwa mbali, zikitoa moshi, mabamba ya shaba na wanaume waliochoka. Kama mashine zingekuwa zinatoa konokono wenye madirisha, nani kati ya wanaume wale angekubali kurudi nyumbani jioni?

Mwaka huo Nkambo aliletwa kwetu kutoka ziwa Tshangalele. Nkambo ndivyo kwetu tunavyomwita mzazi wa mzazi, na huyu alikuwa mama yake Mama. Alifanya kazi ya samaki maisha yake yote: kuparua magamba, kupasua, kukausha juu ya moshi. Alipoingia mlangoni, harufu ya moshi ule iliingia kwanza, ikakaa kwenye mapazia yetu na kuwasumbua paka wa jirani. Macho yake yalikuwa na weupe, kama chai iliyotiwa maziwa. Ugonjwa ulimwanza kabla mimi sijazaliwa, na kufikia siku aliyokuja kwetu aliweza kubagua mwanga na giza, mlango na ukuta, basi. Nesi wa zahanati, mwanamke wa Kalemie, alituambia ni mtoto wa jicho. Neno hilo lilinishughulisha sana. Nilingoja Nkambo asinzie huku kope zikiwa wazi kidogo, nikachungulia kwa karibu nimuone huyo mtoto, mpaka pumzi yangu ikamwamsha akapiga chafya usoni kwangu.

Yeye na mimi tuliitwa jina moja, Mwape. Kwetu watu wa jina moja huitana "majina", kwa hiyo sikuwa tena Mwape kwake. Nilikuwa Majina.

Alipenda kukaa kwenye mkeka karibu na televizio, kwa ajili ya sauti tu. Mchana mmoja tone likaanguka, naye akageuza kichwa.

"Nani anaacha robine wazi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamweleza kwamba si bomba la maji, ni tone la kijani kwenye kioo, na limekuwa mwavuli. Hakucheka. Aliuliza kijani ya namna gani.

"Kijani tu, Nkambo."

"Ya sombe mbele ya kutwanga, ao nyuma ya kutwanga?"

Sikujua. Nilikuwa nimelitazama tone lile mara nyingi kuliko nilivyotazama kitabu chochote, na sikujua. Lilipoanguka tena, nilitazama kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Lilikuwa na rangi mbili: pembeni sombe mbichi, majani ya muhogo yanapochumwa, katikati sombe iliyotwangwa na kutoa maji. Nilipomwambia hivyo aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaniuliza kivuli chake kilikuwa upande gani. Sikuwa nimeona kwamba lilikuwa na kivuli.

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Kifaransa cha chaneli ile yeye hakukiambulia hata kidogo, na mimi nilikiambulia nusu, lakini tone halikusema Kifaransa. Halikusema chochote. Nilimsimulia mbio mbio, maneno yakikimbizana na picha, mikono yangu ikichora hewani ingawa hakuweza kuiona. Nilijifunza kuanza kusema kabla tone halijagusa chini. Nilijifunza kwamba konokono hufumba jicho moja kabla ya mtu wa dirishani kufunga pazia, na kwamba pirogi huacha mkunjo mweupe majini ingawa maji hayakuchorwa. Kila siku kulikuwa na jambo jingine ambalo jana halikuwepo, na nilianza kuogopa, ule woga mzuri, kwamba pengine kila kitu duniani kiko hivyo: mipera yetu, mikono ya Mama, moshi wa Shituru.

Halafu akaja samaki.

Huyu hakutokea mara nyingi. Tone lilianguka, likarefuka, likapata mkia, samaki akapanda juu ya kioo polepole kama anayetoka kilindini. Alipofika katikati alijitikisa. Gamba moja likabanduka, likaelea, likapiga mabawa. Likawa ndege. Gamba la pili ndege. Kisha yote pamoja, mwili mzima wa samaki ukafumuka ukawa ndege wa kijani wakienda kila upande, na pale alipokuwa samaki likabaki duara tupu, na jina ndani yake. Nilimsimulia Nkambo mpaka ndege wa mwisho. Alipapasa mkeka kama anayeokota kitu, hata kipindi kilichofuata kikawa kimefika nusu.

"Magamba ile," alisema mwishowe, "minye naliitupa chini maisha yote."

Tangu siku ile, kila alipoamka kutoka usingizi wa mchana, aliuliza kama yule samaki amepita.

Wakati huo huo Mama alikuwa akipigana vita vyake. Nesi alikuwa amesema kwamba Lubumbashi kuna madaktari wa macho, na kwamba macho kama yale yanasafishwa na mtu anaona tena. Nkambo alikataa. Rafiki yake wa ziwani alikubali mganga wa sokoni amchokoe jicho na mwiba, akarudi kijijini na jicho moja. Mama alimweleza kwamba hospitali si sokoni. Nkambo akajibu kwamba aliyokwisha kuyaona yanamtosha: ameona ziwa, ameona mume wake, ameona watoto wake, na baadhi yao walikuwa wazuri wa sura. Mama alitoka akaenda kulia nyuma ya jiko. Baba, aliyekuwa hapendi maneno, alimfuata na kiti ili alie amekaa.

Mchana mmoja yule samaki alikuja tena. Nilianza kusimulia, alikuwa amepanda, alikuwa amejitikisa, gamba la kwanza lilikuwa ndiyo linabanduka. Umeme, ambao kwetu tunauita kuran, ukakatika. Kioo kikajifunga kuwa nukta, nukta ikazimika.

"Kuran imeenda, Nkambo."

"Na ile ndege?"

Nilisema sijui. Akasema ninajua, nimemwona samaki yule mara nyingi, nimalizie tu kwa kichwa. Nilijaribu, nikashindwa. Nilimwambia kwamba siwezi kusema kitu ambacho sikitazami, kwa sababu kila nikikitazama kinakuwa kipya. Alinyoosha mkono akanipapasa bega, shavu, paji la uso, kama alivyozoea kufanya ili kujua nimekaa wapi, lakini safari hii mkono ulikawia.

Asubuhi yake alimwambia Mama wamtafute huyo daktari. Mama aliacha kupepeta unga, akamuuliza nini kimembadilisha. Nilikuwepo, nikasikia kwa masikio yangu.

"Mu hii nyumba kuko kintu kimoja minye nataka kuona na macho yangu, mbele nikufe."

Nilitoka nje nikaruka ruka peke yangu. Kitu hicho nilikijua. Mtu mzima, mzee wa ziwani, alikuwa amekubali kukatwa macho kwa ajili ya samaki wangu.

Waliondoka na basi la asubuhi, Mama amebeba kikapu, Nkambo amefungwa kitenge kipya na uso umekaza. Nilibaki na Baba, ambaye alipika bukari yenye mabonge na kuniomba nisimwambie mtu. Mchana nilikaa mbele ya televizio kama mlinzi.

Na siku mojawapo katika siku hizo za kungoja, tone halikuanguka.

Kipindi kiliisha. Badala ya weupe ule na ukimya ule zikaja herufi za chuma, nene, zinazozunguka, zikigongana kwa kishindo cha ngoma za umeme, na nyuma yake miale ya zambarau. Nikadhani Papa Donatien amebadilisha chaneli. Nikasubiri. Kipindi kilichofuata kilikuwa kile kile cha siku zote, na baada yake herufi za chuma zikarudi. Nilikimbia mpaka kwake bila viatu.

Alikuwa na redio iliyopasuliwa mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wazima hawalifanyi mara nyingi, kisha akaniambia taratibu kwamba hakugusa kitu. Chaneli yenyewe ndiyo iliyovua sura ya zamani na kuvaa mpya. Nikamuuliza tone litarudi lini.

"Bantu ba televizio banabadilisha kama vile siye tunabadilisha rido," alisema, akigusa pazia la dirisha lake. "Ya zamani hairudi, mama."

Sikulia kwa sababu ya tone. Nataka uelewe hilo. Nililia kwa sababu wakati ule ule, Lubumbashi, mtu alikuwa amelala kitandani na bandeji machoni, akivumilia, na kile alichokuwa akikivumilia kilikuwa kimekwisha kuondoka duniani, na ni mimi tu niliyejua. Nilimweleza Papa Donatien yote, kwa kwikwi. Aliweka chini chuma chake cha kulehemu. Alifikiri. Kisha akainama, akavuta kutoka chini ya meza boksi lililojaa kaseti za video.

Alikuwa akirekodi mpira. Na kwa kuwa aliogopa kupitwa na mwanzo wa mechi, alizoea kubonyeza mapema, kabla hajahamisha chaneli. Kwa hiyo huenda, alisema, mwanzoni mwa kaseti kumebaki mikia mikia ya mambo ya watoto.

Tulitafuta kila mchana nilipotoka shule. Chumba chake kilinuka risasi iliyoyeyuka na vumbi lililopashwa moto. Aliingiza kaseti, tukatazama, mimi nimeshika pumzi, mpaka wachezaji walipotokea wakipanga mstari, akaitoa. Tulimpata konokono bila mwanzo. Tuliupata mwavuli ambao haukuwahi kuwa pirogi. Nilifurahi kuwaona kama mtu anavyofurahi kukutana na ndugu stendi, lakini sio hao niliowahitaji. Boksi liliisha. Papa Donatien akaenda chumbani kwao, akarudi na jingine kutoka chini ya kitanda, mkewe akimfuata nyuma kuuliza kama sasa amekuwa mtoto.

Ilikuwa katika boksi hilo. Weupe, ukimya, to, na tone likarefuka likapata mkia. Papa Donatien alisimamisha picha kwa kidole, tukatazamana. Na kabla sijapumua nikasikia barabarani sauti za wanawake, nikajua wamefika.

Nilikimbia. Nkambo alikuwa amesimama uani kwetu, miwani mikubwa myeusi usoni, akiwa ameshika nguzo ya kamba ya nguo na kutazama shati la Baba kama kitu cha ajabu. Majirani walikuwa wamemzunguka. Sikumsalimu. Nilipita katikati yao, nikamshika mkono, nikamvuta. Mama alinigombeza kwamba mgonjwa hachukuliwi mbio namna ile, lakini Nkambo alikuja, hatua ndefu ndefu, akicheka kwa pumzi.

Tulimkalisha kwenye stuli mbele ya kioo. Alivua miwani. Papa Donatien akabonyeza. Tone likaanguka, na mimi, kwa mazoea, nikaanza kusimulia: sasa linatetemeka, sasa mkia, anapanda, tazama, Nkambo, anajitikisa, gamba la kwanza hilo. Mikono yangu ilikuwa hewani kama siku ya kwanza. Nilipogeuka nione uso wake wakati ndege wanaruka, nikakuta hatazami kioo. Alikuwa amegeuka kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu bado, na meusi katikati, meusi kabisa, na yalikuwa yakipita usoni kwangu polepole kutoka juu hadi chini.

"Nkambo, ni kule. Ku televizio."

"Endelea kusema, Majina. Minaona."

Nilikasirika karibu kulia. Picha ilikuwa imekwisha, wachezaji walikuwa wanapeana mikono. Papa Donatien, ambaye nadhani alielewa kabla yangu, alirudisha kaseti. Mara hii Nkambo alitazama kioo. Alitazama na kinywa wazi. Ndege waliporuka, mkono wake uliinuka peke yake kutoka kwenye goti, vidole vimeachana, kama wa mtu anayewaachia. Aliomba arudishiwe, na tena, na tena, hadi mke wa Papa Donatien akaja kusimama mlangoni, na Mama, na majirani, wote nyuma ya yule mwanamke wa samaki. Kisha akatoa hukumu. Magamba yanaruka vizuri sana, alisema, lakini samaki mwenyewe hana mapezi ya tumboni, na ziwani angeenda ubavu ubavu.

Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, macho wazi. Nilikuwa mtu mzima alipofariki, na ilikuwa matangani, tukichambua mchele mimi na Mama, ndipo nilipoitaja habari ya samaki, kwamba Nkambo alikubali upasuaji kwa ajili yake. Mama aliacha kuchambua.

"Samaki gani? Mu bus hakusema samaki hata mara moja. Njia yote alikuwa anaulizia weye tu. Meno iko namna gani, pua ni ya nani, ukisema unafanya sura gani. Alisema: ile mutoto ananionyesha kila kintu, na yeye mwenyewe sijamuona."

Sikuweza kuendelea na mchele. Nilikuwa nimeamini kwamba michana yote ile tulikuwa tumegeukia upande mmoja, yeye na mimi, tukilistaajabia tone. Sikujua kwamba nilipokuwa nikistaajabu mimi, kulikuwa na mtu kando yangu, gizani, akistaajabu kwa sababu yangu, na kwamba hilo ndilo lililomtosha kupanda basi na kuyakabidhi macho yake kwa kisu cha daktari.

Nikakumbuka pia jambo nililolisahau. Majuma yale ya kwanza baada ya kurudi kwake, alikuwa akiniita mara kwa mara nisimame mlangoni kwenye jua, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, kisha akaniachia niende kucheza. Nilidhani anatafuta uchafu. Kwa hiyo kila aliponiita, nilipitia kwanza kwenye ndoo, nikanawa uso vizuri, ndipo nikaenda.